Nani Mrundi? Swali lililowashinda wahariri wa enzi za uhuru

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimesimama kwenye meza ya muuza magazeti katikati ya Bujumbura, si mbali na pale lilipokuwa soko kuu kabla halijateketea kwa moto Januari 2013. Mama mmoja aliyebeba furushi la vitenge alisimama kando yangu, akainama, akatazama kurasa za mbele moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Tabora kilichonyooka: "Kaka, hebu nisomee hapa. Wameandika nini kuhusu mpaka?"

Habari yenyewe ilikuwa kwa Kifaransa. Nilimsomea huku nikifasiri, mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikafanya kosa la kumuuliza kama hakubahatika kwenda shule. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nimemaliza darasa la saba Ulyankulu," akanijibu. "Kusoma nasoma vizuri kabisa. Hili gazeti ndilo haliongei na mimi."

Alilipia maji yake ya kunywa, akabeba furushi lake, akaenda zake. Mimi nilibaki pale na gazeti mkononi. Huyu ni mwanamke ambaye wazazi wake walikimbia mwaka 1972, akazaliwa ugenini, akasomeshwa kwa mtaala wa Tanzania, akarudi kwenye nchi aliyoambiwa tangu utotoni kuwa ni yake. Analipa ushuru mpakani. Anapiga kura. Anasoma. Na bado, ili ajue nchi yake imeamua nini kuhusu biashara yake, inabidi amwombe mwanamume asiyemfahamu amsomee barabarani.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaoshika ukurasa huu ama mmerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, ama mnavuka Kobero, Mugina au Gatumba kutafuta riziki. Kwa hiyo nadhani mnaielewa kauli ya yule mama kuliko mimi. Leo nataka tuifuate hadi ilikotoka. Tatizo hili halikuanza jana. Lilikuwapo siku bendera ya Ubelgiji iliposhushwa tarehe 1 Julai 1962, na lilikuwa limeanza kupikwa miaka kadhaa kabla ya hapo.

Hoja yangu ni hii. Gazeti linapochagua lugha, linachagua pia msomaji; na likishamchagua msomaji, tayari limesema nani mwenye nchi na nani mpita njia. Burundi ilipata uhuru ikiwa na majibu kadhaa yanayogongana juu ya swali moja: Mrundi ni nani? Wale waliokuwa na mitambo ya kuchapa hawakujibizana. Kila mmoja alizungumza na watu wake. Kisha dola ikafunga mjadala wote, na swali likahamia mahali ambapo hakuna mhariri wala mtu wa kulijibu.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950 Burundi na Rwanda zilikuwa eneo moja, Ruanda-Urundi, chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, likitawaliwa na Ubelgiji kutoka Usumbura, jina la zamani la mji wetu huu. Magazeti yalihesabika kwa vidole. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida la idara yake ya habari, Rudipresse. Kanisa Katoliki lilikuwa na Ndongozi, gazeti la Kirundi lililoanza mwaka 1940. Mapadri Weupe walikuwa pia na Temps Nouveaux d'Afrique, la Kifaransa, lililotoka hapa Usumbura na kusomwa Burundi na Rwanda pia.

Tazama sasa wasomaji wake. La Kifaransa lilikuwa la makarani, walimu na vijana waliopita seminari au shule ya Astrida. La Kirundi lilikuwa la Wakristo wa vilimani, wale waliojifunza kusoma kwa katekisimu. Taifa la kwanza lilikuwa la wasomi waliotarajia kurithi ofisi za Wabelgiji. Taifa la pili lilikuwa la waumini wenye adabu, wanaomheshimu padri, chifu na Mwami. Yote mawili yalikuwa na Warundi wa kweli ndani yake. Lakini kulikuwa na watu walioachwa nje ya yote mawili, nao walikuwa wanaishi hatua chache tu kutoka kwenye mitambo hiyo.

Nawazungumzia watu wa Buyenzi. Wabelgiji waliita mitaa ya Waafrika ya Usumbura maeneo yaliyo nje ya mila, maana yake wakazi wake hawakuwa chini ya chifu yeyote. Humo walikaa mafundi cherehani, madereva, wachuuzi wa samaki na dagaa, Waislamu na wasio Waislamu, waliotoka Ujiji, Uvira, Maniema na vilima vya Burundi yenyewe. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Wamisionari waliiona lugha hiyo kama mlango wa Uislamu. Utawala uliiona kama lugha ya wahuni wa mjini. Neno "Mswahili" hadi leo, katika vinywa vya baadhi ya watu hapa Burundi, lina maana ya mjanja asiyeaminika. Mimi mwenyewe nimekulia katika mitaa hiyo, na nimeitwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu.

Sasa, ni nani aliyewaona watu hawa kama wananchi? Historia inatupa jibu bila kusitasita: Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa. Mwaka 1957 alijihusisha na vyama vya ushirika vya wafanyabiashara, na hapo ndipo alipojenga urafiki na wachuuzi wa mjini. Alipokuja kukiongoza chama cha UPRONA, wafuasi wake wa mwanzo na wenye ari kubwa walikuwa pamoja na watu wa Buyenzi. Alikuwa na urafiki na Julius Nyerere na TANU ng'ambo ya ziwa. Chama chake hakikuwa na mtambo wa kulingana na ule wa Kanisa au wa serikali. Kilitegemea mikutano, safari za vilimani, na maneno yaliyopelekwa na madereva na wafanyabiashara kutoka soko hadi soko. Kwa maneno mengine, wachuuzi ndio waliokuwa gazeti lake.

Wabelgiji hawakumpenda. Chama walichokipendelea kilikuwa PDC, chama cha Kikristo kilichoongozwa na watu wa ukoo wa Baranyanka, mahasimu wa zamani wa ukoo wa Mwami. Mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani, na PDC ikaongoza. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa Bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilizoa viti 58 kati ya 64. Rwagasore alitangaza kwamba ushindi ule haukuwa wa chama bali wa utulivu na nidhamu ya watu wote. Akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961 akapigwa risasi akiwa kwenye hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa, na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Viongozi wa PDC walipatikana na hatia ya kuhusika, na baadhi yao wakanyongwa Gitega Januari 1963.

Nataka usimame kidogo kwenye mwezi huo wa Oktoba 1961, kwa sababu ng'ambo ya ziwa kulikuwa na jambo lingine linatokea. Mjini Dar es Salaam, Bunge la Tanganyika lilikuwa likibishana juu ya sheria ya uraia. Wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi kwanza. Nyerere alikataa katakata, akasema yuko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha uraia wa rangi. Mabishano yalikuwa makali, lakini yalikuwa hadharani, na mwananchi wa kawaida angeweza kuyafuata kwa lugha yake. Tanganyika ilikuwa tayari na Mwafrika na Ngurumo, magazeti ya Kiswahili yaliyouzwa sokoni. Nyerere mwenyewe aliwahi kuhariri Sauti ya TANU, na mwaka 1958 alitozwa faini kwa kashfa kutokana na maandishi yake humo. Mwaka huohuo wahariri wa Mwafrika walitiwa hatiani kwa uchochezi. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini ilikuwa inafanyika.

Sisemi Tanzania ilikuwa pepo ya magazeti. Baadaye nayo ilikuja kuwa na chama kimoja, na mwaka 1970 serikali ikalitaifisha The Standard. Ninachosema ni kwamba swali la nani raia lilijibiwa kwanza kwa mabishano, kwa lugha ya wengi, kabla mlango haujafungwa. Burundi ilimpoteza mtu ambaye angeweza kuyaongoza mabishano hayo siku chache kabla ya mwenzake wa Dar es Salaam kusimama Bungeni.

Kulikuwa na kioo kingine upande wa kaskazini. Rwanda ilikuwa na Kinyamateka, gazeti la Kikatoliki la Kabgayi lililoanza mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 mhariri wake alikuwa Grégoire Kayibanda, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi. Kayibanda na wenzake walitoa waraka wao maarufu wa Machi 1957 uliodai haki za Wahutu. Madai ya msingi yalikuwa ya kweli, dhuluma ilikuwapo. Lakini katika mjadala ule taifa lilikuja kumaanisha kabila lenye watu wengi. Mapinduzi ya Novemba 1959 yalipofuata, maelfu ya Watutsi walikimbia, na wengi wao walikuja hapa Burundi.

Hapo ndipo Burundi ilipoanza kusoma habari za jirani kama vile ni utabiri wake yenyewe. Baadhi ya wanasiasa wa Kihutu waliiona Rwanda na kusema: kumbe inawezekana. Wanasiasa wa Kitutsi waliona wakimbizi wakivuka mto na kusema: hivi ndivyo tutakavyofanywa. Umoja wa Mataifa ulijaribu kuzishawishi nchi hizi mbili ziungane, mazungumzo yakafanyika Addis Ababa mwaka 1962, yakashindikana. Kila nchi ikaenda na njia yake, lakini kila moja ikawa inamtazama mwenzake kama onyo.

Baada ya uhuru, serikali ya ufalme ilikuwa na gazeti lake la Kifaransa, Infor-Burundi. Taifa lake lilikuwa la Mwami: wote ni wana wa mfalme, kwa hiyo hakuna la kubishania. Ndani ya UPRONA, ushindi ule wa viti 58 haukuumaliza ubishi. Uliuingiza ndani ya nyumba. Chama kiligawanyika kambi mbili, moja ikaitwa Casablanca na nyingine Monrovia, majina yaliyoazimwa kwenye makundi ya nchi za Afrika za wakati huo. Taratibu mgawanyiko ukachukua sura ya kabila. Januari 1962, hata kabla ya uhuru, vijana wa chama walikuwa wameshamwaga damu Kamenge kwa kuwashambulia viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo.

Ungedhani magazeti yangelichambua hilo. Lakini la serikali lilihubiri umoja, na la Kanisa lilihubiri amani. Ukweli wa mambo ulipatikana kwenye vipeperushi visivyo na sahihi, vilivyopita kwa siri kutoka mkono hadi mkono. Kipeperushi hakina anwani. Huwezi kukiandikia barua ukasema umekosea, wala huwezi kukipeleka mahakamani. Kinasema watakuja kukuua usiku huu, na wewe unalala na hofu au unachukua panga.

Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa. Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo wagombea wa Kihutu walipata viti 23 kati ya 33, lakini Mwami akamteua mwanamfalme, Léopold Biha, kuwa Waziri Mkuu. Oktoba likaja jaribio la mapinduzi, likafuatwa na mauaji na kunyongwa kwa viongozi wa Kihutu. Novemba 1966 UPRONA ikawa chama pekee, na tarehe 28 mwezi huo Michel Micombero akautangaza mwisho wa ufalme.

Kuanzia hapo magazeti yakawa na sauti moja. Majina yenyewe yanajieleza. Chama kikawa na Unité et Révolution, yaani Umoja na Mapinduzi. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha gazeti la Kirundi, Ubumwe, neno lenye maana ya umoja. Mwaka 1978, chini ya Jean-Baptiste Bagaza, likaja Le Renouveau, gazeti la kila siku. Umoja ukaandikwa kwenye kila kichwa cha habari, na katika miaka ya Bagaza hata kutaja hadharani maneno Hutu na Tutsi kukawa kosa la kisiasa.

Kati ya Ubumwe na Le Renouveau kuna mwaka 1972. Uasi ulianza kusini tarehe 29 Aprili, watu wakauawa, na jibu la dola likawa mauaji ya Wahutu waliosoma, walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Makadirio mengi yanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Je, magazeti ya nchi yaliwaandika? Familia ziliambiwa zisilie. Ilibidi kusubiri hadi Desemba 2021 ndipo Tume ya Ukweli na Maridhiano itamke mbele ya Bunge kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Miaka 49 nzima.

Lakini usimulizi haukufa. Ulivuka mpaka pamoja na wakimbizi, ukafika Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mtaalamu wa anthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi hao katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995, Purity and Exile, kinaeleza jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa macho. Huko Mishamo, ndani ya makazi, watu walikuwa wakijenga historia ya taifa la Wahutu, taifa lililonyang'anywa na ambalo siku moja litarudi. Kwenye mji wa Kigoma, wakimbizi wenzao hawakutaka habari hiyo. Walioana na wenyeji, walijiita Waha au Waswahili, wakafanya biashara, wakataka kuishi. Mwaka 1980 chama cha PALIPEHUTU kilizaliwa Mishamo.

Fikiria hilo, ndugu msomaji. Mwaka huo wa 1980 kulikuwa na Burundi tatu. Moja ilichapwa Bujumbura, na ndani yake hapakuwa na Mhutu wala Mtutsi. Ya pili ilisimuliwa Mishamo, na ndani yake hapakuwa na mtu ila Mhutu na adui yake. Ya tatu ilikuwa sokoni Kigoma, nayo haikuwa na gazeti wala chama, ila bidhaa, ndoa na Kiswahili. Burundi hizo tatu hazikuwahi kukaa kwenye ukurasa mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema magazeti ya uhuru wa miaka ya 1990 ndiyo yaliyotuletea sumu. Ni kweli sumu ilikuwapo, tena nyingi. Katiba ya 1992 ilifungua milango ya vyama vingi, na magazeti yakachipuka kama uyoga. FRODEBU ilikuwa na L'Aube de la Démocratie. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Le Carrefour des Idées likawa la msimamo mkali wa upande wa Watutsi, na Le Témoin likawa jukwaa la upande wa Wahutu. Waliokuwa hapa Bujumbura mwaka 1994 na 1995 wanakumbuka jinsi mitaa ilivyogawanywa. Kamenge huku, Ngagara kule, na gazeti ulilokamata mkononi lingeweza kukuponza.

Wakubwa wengi wanaitumia miaka hiyo kama ushahidi. Wanasema: mliona? Mkiwapa Warundi uhuru wa kuandika, wanaandikiana vifo. Hoja hii si ya kupuuzwa. Imetoka kwa watu waliozika ndugu zao, na jirani yetu Rwanda alionyesha mwaka 1994 redio na gazeti vinaweza kufanya nini. Mtu anayedai uhuru wa habari bila kuitazama makaburi hayo hajui anachokidai.

Lakini jiulize magazeti yale yalitoa wapi maneno yao. Hayakuyabuni mwaka 1993. Yalichapa kile kilichokuwa kimesemwa gizani kwa miaka 27, tangu chama kimoja kilipofunga mlango. Mwaka 1988, baada ya mauaji ya Ntega na Marangara, wasomi wa Kihutu walimwandikia Rais Pierre Buyoya barua ya wazi wakiomba uchunguzi. Lilikuwa ombi la kistaarabu, lenye majina na sahihi. Baadhi yao waliwekwa ndani, wengine wakakimbia. Ukimfunga anayeweka sahihi, unamwachia uwanja asiyeweka sahihi.

Tena tunayo dawa iliyojaribiwa hapahapa. Mwaka 1995, katikati ya vita, ilianzishwa Studio Ijambo, iliyowaweka waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi kwenye chumba kimoja na kuwatuma pamoja kutafuta habari. Mhutu na Mtutsi walikwenda kwenye kilima kilekile, wakawauliza watu walewale, wakarudi na habari moja. Redio Publique Africaine ilipokuja mwaka 2001, na nyingine baada yake, wananchi walizizoea kiasi cha kuzipigia simu badala ya kuliita jeshi. Gazeti la Iwacu lilipoanza kutoka hapa Bujumbura mwaka 2008, lilifanya hivyo kwa maandishi.

Kisha tukarudia kosa. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio zilishambuliwa na kuchomwa, zile za kuikosoa serikali na ile iliyoiunga mkono pia. Zaidi ya watu 400,000 walikuja kukimbia nchi. Mwandishi wa Iwacu, Jean Bigirimana, alitoweka Julai 2016. Wenzake wanne walikamatwa Oktoba 2019 walipokwenda kufuatilia habari za mapigano Bubanza, na wakaachiwa kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Na kilichofuata kila mtu anakijua: kipeperushi kikafufuka, safari hii ndani ya simu. Ujumbe wa WhatsApp usio na mwenyewe unaanzia Ulaya au Kamenge, unafika Nyarugusu kabla ya jua kutua, na unasema watu fulani wameorodheshwa. Nani atakanusha?

Kuna sababu nyingine ya kulisema hili sasa. Katika uchaguzi wa Juni 2025, chama tawala cha CNDD-FDD kilitwaa viti vyote 100 vilivyogombewa Bungeni. Wapinzani walilalamika, chama kikasherehekea. Mimi nawakumbusha wote wawili viti 58 kati ya 64 vya mwaka 1961. Bunge likiwa na sauti moja, ubishi hauishi, unahamia kwenye korido za chama na kwenye simu za watu. Wakati kama huu gazeti ndilo baraza pekee linalobaki ambapo raia wawili wasiokubaliana wanaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja.

Nirudi sasa kwa yule mama wa vitenge, kwa sababu yeye ndiye aliyenianzishia safari hii yote. Kuna watu wa aina yake wengi. Wapo waliorudi kati ya 2002 na 2009 na kukuta mashamba ya wazazi wao Rumonge na Nyanza-Lac yana wenyewe wengine. Wapo waliokimbia 2015 na kurudi tangu mwaka 2017. Wapo ndugu zao zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 waliopewa uraia wa Tanzania na kubaki, kiasi kwamba familia moja ina bendera mbili. Mtoto wa mrejeaji akiingia darasani na Kirundi chenye lafudhi ya Kigoma, wenzake wanamcheka. Akienda Kigoma kununua mafuta ya mawese, anaulizwa kitambulisho.

Tangu Julai 2007 Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kimeingizwa mashuleni. Mpaka wetu na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, biashara nyingi ilizidi kuelemea Kobero na Mugina, kwenye nchi ya Kiswahili. Lugha iliyodharauliwa Buyenzi mwaka 1961 sasa ndiyo lugha ya riziki. Kwa nini isiwe pia lugha ya uraia?

Sidai kwamba Kirundi kiachwe. Kirundi ni bahati ambayo nchi chache za Afrika zinayo, lugha moja ya Muhutu, Mututsi na Mutwa, na inastahili magazeti mengi zaidi kuliko iliyonayo. Ninachowaomba wahariri wa Bujumbura ni kidogo. Wekeni ukurasa mmoja kwa wiki wa Kiswahili, wenye ushuru wa mipakani, kesi za mashamba, habari za makambi na barua za wasomaji. Chapeni jibu la anayelalamikiwa mahali palepale palipochapwa lawama. Kwa wenye dola naomba hivi: gazeti likichochea mauaji, lipelekeni mahakamani na ushahidi. Likiuliza tu maswali, lijibuni.

Na ninyi mnaosoma, msikae mkisubiri. Wafanyabiashara wa Buyenzi walipeleka habari za Rwagasore hadi vilimani bila mtambo wa kuchapa. Leo mna maduka, mna matangazo ya biashara ambayo kila gazeti linayahitaji, na mna kalamu. Andikeni barua kwa mhariri. Tieni jina. Akikataa kuichapa, andikeni nyingine.

Jumatatu nilipita tena kwenye meza ile ya magazeti. Mama wa vitenge hakuwapo. Muuzaji ananiambia huwa anapita mara moja kwa wiki akitoka Mugina, na kila akipita hutazama kurasa za mbele, kisha huendelea na safari yake. Nimemwachia gazeti hili. Nimemwambia amwekee.